Sura ya Saba: Dhuria ya Mhubiri wa Kibimba

Mwenye kuandika nasaba ya sultani au ya tajiri hupata wepesi ambao waandishi wengine hawaupati, kwani mali yenyewe humwongoza: kiti, shamba, nyumba na jina hutoka mkononi mwa baba vikaingia mkononi mwa mwana, na penye mirathi hapakosekani mashahidi, wala hati, wala mabishano ya kuhifadhi tarehe. Nasaba ya mhubiri aliyejitenga na kanisa la dola haina wepesi huo. Mtu wa namna hiyo hana parokia ya kumwachia mwanawe, wala cheo, wala wakfu. Alicho nacho kikubwa ni kukataa kwake, na kukataa hakuandikwi katika wasia, kwa kuwa kila kizazi hakina budi kukataa upya, kwa ulimi wake na kwa hasara yake, au urithi wote hupotea kwa usiku mmoja.

Kwa watu wa Muyinga nchini Burundi, mji wenye Waislamu wengi ambao Kiswahili chasikika sokoni mwake na misikitini, jambo hili halihitaji maelezo marefu. Huko watu wanajua kwamba mwanachuoni ana nasaba mbili: ile ya damu, imfikishayo kwa baba na babu, na ile silsila ya elimu, imfikishayo kwa mwalimu wake na kwa mwalimu wa mwalimu wake, na kwamba mbili hizo mara nyingine hukutana katika nyumba moja, na mara nyingine huachana kabisa, mwana wa shekhe akashika biashara na kijana wa mtaa wa pili akawa ndiye mrithi. Kaida hiyo ndiyo nitakayoifuata katika kueleza habari za Arthur Chilson, Mmarekani aliyehubiri Kaimosi nchini Kenya, kisha Kibimba katika nchi ya Gitega, akaaga dunia mwaka 1939 akiwa kazini Urundi, ndiyo Burundi ya leo. Wana wake wa damu walikuwa wachache. Wana wa mafundisho yake ni umma mkubwa, na baadhi yao wangeliona ajabu kuambiwa kuwa ni watoto wake.

Asili ya ukaidi huu wa kukataa ni Uingereza. Mwaka 1662 sheria ya dola iliwataka makasisi wote wakiri kitabu kimoja cha sala na utaratibu mmoja wa ibada, na makasisi wapatao 2,000 wakaona ni heri kuacha makanisa yao na nyumba zao kuliko kukiri wasichokiamini. Tangu hapo wao na watoto wao wakawa ni watu wa pembeni: milango ya Oxford na Cambridge haikuwafungukia kwa usawa hadi karne ya 19, na vyeo vingi vya serikali vilikuwa haramu kwao. Wakajenga shule zao wenyewe, wakaingia katika biashara, na tarikhi ya uchumi wa Uingereza haielezeki bila majina yao. Miongoni mwa waliojitenga, wakali kuliko wote walikuwa Marafiki, ambao walimwengu huwaita Quaker, wafuasi wa George Fox. Hao walikataa kula kiapo mahakamani, wakakataa kumvulia kofia mkubwa, wakakataa kulipa zaka kwa kanisa wasilolisali, na mwanzoni mwa utawala wa Charles II wakamwandikia mfalme kwamba hawatashika silaha kwa sababu yoyote ile. Walijazwa magerezani kwa maelfu. Lakini wajukuu wa wafungwa wale ndio walioanzisha mabenki ya Barclay na Lloyd, na viwanda vya chokoleti vya Cadbury, Fry na Rowntree. Na hapo twaona kwa mara ya kwanza tatizo litakaloturudia mara kwa mara katika sura hii, kwamba kujitenga kukizaa heri, na heri ikizaa mali, wajukuu hujikuta wana kitu cha kulinda ambacho babu hakuwa nacho.

Sharti nieleze pia kwamba Marafiki wa asili hawakuwa na makasisi hata kidogo. Waliketi kimya wakamngoja Roho, na yeyote aliyesukumwa kusema, mwanamume au mwanamke, alisimama akasema. Ubatizo wa maji hawakuwa nao, wala meza ya Bwana, kwa itikadi kwamba mambo hayo ni ya ndani ya moyo. Walipohamia Marekani, na hasa walipoelekea magharibi mpaka Iowa na Kansas, wengine wao wakikimbia nchi za utumwa, walikutana na mahubiri ya uamsho yaliyovuma baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe; na Marafiki wa magharibi, kinyume cha desturi ya babu zao, wakaanza kuimba, kuita watu watubu mbele ya mkutano, na kuajiri wachungaji. Umarafiki wa namna hii ndio uliomlea Arthur Chilson. Kwa hiyo alikuwa mhubiri katika madhehebu yaliyozaliwa kwa kukataa wahubiri, mtu aliyejitenga na waliojitenga, na maisha yake yote yakaendelea kuwa hivyo.

Mwaka 1902, reli ya Uganda ikiwa ndiyo kwanza imefika Kisumu, vijana watatu wa Friends Africa Industrial Mission walishuka Mombasa na kwenda bara: Willis Hotchkiss, aliyekwisha kuishi Ukambani miaka ya nyuma, Edgar Hole, na Chilson. Tarehe 17 Agosti mwaka ule wakafika Kaimosi, katika nchi ya Waluhya, penye msitu mkubwa na mto wenye nguvu, wakasema kwamba hapa ndipo. Neno la viwanda lililokuwa katika jina la misheni yao halikuwa pambo. Itikadi yao ilikuwa kwamba Mwafrika asifundishwe kuomba tu, bali apasue mbao, afyatue matofali, alime kwa plau, na misheni yenyewe ijilishe kwa jasho lake. Na Chilson, aliyekuwa na mikono ya fundi, ndiye aliyesimamia mashine ya kupasulia mbao iliyoendeshwa kwa maji ya mto wa Goli-Goli. Hotchkiss hakukaa sana. Haukupita muda mrefu akawaacha wenziwe akaenda kuanzisha misheni yake mwenyewe Lumbwa. Farakano la kwanza lilitokea hata kabla ya kanisa kupata waumini wa kutosha kufarakana.

Katika waumini wa mwanzo wa Kaimosi alikuwamo Daudi Lung'aho pamoja na mkewe Maria Maraga, na kwao silsila na nasaba zilikutana kwa uzuri, kwani mwana wao Thomas Ganira Lung'aho alikuja kuwa katibu mtendaji wa East Africa Yearly Meeting, mkutano mkuu wa Marafiki uliopata kujitegemea mwaka 1946. Ndani ya maisha ya baba na mwana, kazi iliyoanza kwa wageni watatu ilipita mikononi mwa wenyeji, na leo hakuna nchi duniani yenye Marafiki wengi kuliko Kenya. Atakaye kuona dhuria iliyonyooka ya Chilson na aende Kaimosi akaione.

Walakini Kaimosi ilimzalia Chilson dhuria nyingine pia, isiyonyooka. Mwaka 1927, muda mfupi kabla hajaiacha misheni ile, alifanya mahubiri juu ya ubatizo wa Roho Mtakatifu, akawahimiza Waluhya waungame dhambi zao hadharani na kumwomba Roho awashukie. Walimwamini kuliko alivyotarajia yeye na wenziwe. Watu walitetemeka, wakalia, wakanena kwa lugha, wakaona njozi, wakaungama mbele ya umati. Na wamisionari waliobaki, wakiona jambo limetoka katika mikono yao, wakalikataza, kisha wakawatoa katika ushirika wale waliokataa kukatazwa. Waliofukuzwa, miongoni mwao Jakobo Buluku, wakaanzisha makanisa ya Roho yanayojulikana mpaka hivi leo magharibi ya Kenya kwa kanzu zao na msalaba wao mwekundu. Fikiri basi juu ya nasaba hii. George Fox na wafuasi wake walitetemeka mbele za Mungu hata majirani wakawacheka kwa kutetemeka kwao. Miaka 280 baadaye Waluhya walitetemeka vivyo hivyo kwa mahubiri ya mtu wa Fox, na watu wa Fox wakawafukuza. Ukiniuliza ni nani aliyekuwa mrithi wa kweli wa Fox siku ile, aliyefukuza au aliyefukuzwa, sioni ugumu wa kukujibu.

Chilson alirudi Marekani, na aliporejea Afrika hakurejea Kaimosi. Mkutano wa Marafiki wa Kansas ulimtuma Urundi, nchi iliyokuwa chini ya Wabelgiji kwa amana ya Shirikisho la Mataifa, na mwaka 1934 akafika Kibimba pamoja na mkewe Edna na binti yao Rachel. Mahali penyewe palikuwa na masalio ya kazi ya watu wengine. Mnamo 1911 Wajerumani wa misheni ya Neukirchen walikuwa wameingia Urundi na kujenga kituo pale. Nao kadhalika walikuwa watu wa pembeni, jumuiya isiyotegemea kanisa la dola, iliyoanzishwa mwaka 1882 na mchungaji Ludwig Doll, na ambayo wazee wa Ngao kwenye mto Tana wanaijua, kwa kuwa ndiyo iliyowahubiria Wapokomo kabla ya kufika Urundi. Vita vya 1916 viliwaondoa Wajerumani, na kilima kikabaki bila mchungaji kwa muda wa miaka kumi na minane. Hivyo mhubiri mkaidi wa Kimarekani alirithi kiwanja cha wahubiri wakaidi wa Kijerumani, ijapokuwa hapakuwa na udugu wowote wa damu kati yao.

Haitoshi kusema kwamba Chilson alifika Urundi. Yatupasa kujua alifika katika nchi ya namna gani. Mapadri Weupe, wamisionari wa Kikatoliki, walikuwa wameanzisha misheni ya Mugera tangu mwaka 1899, na katika miaka ile ya 1930 watemi na wasaidizi wao waliingia katika Ukatoliki makundi kwa makundi, kwa kuwa Wabelgiji walionyesha wazi kwamba cheo na ubatizo ni ndugu. Ruzuku ya serikali kwa ajili ya mashule iliwafikia Wakatoliki, na Waprotestanti hawakuipata mpaka baada ya Vita Kuu ya Pili. Kwa hiyo Mrundi aliyekubali dini ya Kibimba mwaka 1934 hakuwa anafuata wakubwa wake, alikuwa anawaacha. Huko Uingereza kujitenga na kanisa la mfalme kulikuwa ni neno la vitabuni kwa watu wa wakati ule, kwa kuwa adhabu zake zilikwisha kuondolewa. Juu ya vilima vya Gitega kulikuwa bado na uzito wake wa zamani, wa mtu kutazamwa na mtemi wake kwa jicho la pili.

Waprotestanti walikuwa wachache, na kwa uchache wao waligawana nchi kwa mapatano ili wasigombane. Marafiki walikaa katikati, upande wa Gitega. Wabaptisti wa Denmark walikuwa wameshika vituo viwili vya Neukirchen, Musema na Rubura, tangu 1928. Wamethodisti Huru walianza Muyebe mwaka 1935. Na Waanglikana waliotoka Rwanda wakafungua Matana na Buhiga, na kutoka Buhiga neno lao likaelekea kaskazini mashariki mpaka nchi ya Muyinga. Ndiyo sababu mpaka leo, ukiifuata barabara ya Gitega kupitia Karuzi hadi Muyinga, unapita kutoka mahali ambapo Mprotestanti wa kale aghalabu ni Rafiki, ukafika mahali ambapo aghalabu ni Mwanglikana, hata Muyinga ikapata askofu wake yenyewe. Mipaka ya nafsi za watu iliwekwa na wageni wachache walioketi juu ya ramani, na watoto wa watoto wa waumini wangali wanaishi ndani yake wakidhani kwamba waliichagua.

Waanglikana si watu wa kujitenga. Lakini jamaa mmoja wa kwao anastahili kutajwa hapa, kwa kuwa huonyesha nasaba ya aina ya tatu, ya kazi iliyopita kutoka kwa baba hadi kwa binti. Kasisi Harold Guillebaud, aliyekwisha kulitoa Agano Jipya kwa Kinyarwanda, alihamia Urundi mwaka 1940 ili aanze kazi kama hiyo kwa Kirundi, na mwaka uliofuata akafa. Binti yake Rosemary alichukua kalamu pale ilipoanguka. Agano Jipya la Kirundi likatoka mwaka 1951, na Biblia nzima mwaka 1967, miaka ishirini na sita baada ya kifo cha baba. Biblia ile ilisomwa Muyinga kwa Waanglikana na Kibimba kwa Marafiki vilevile. Na hivyo madhehebu yaliyotofautiana juu ya ubatizo, makasisi na meza ya Bwana yalilishwa na nyumba moja ya Kiingereza.

Kibimba yenyewe ilikua. Edna Chilson aliandika kitabu cha maisha ya mumewe, Ambassador of the King, kilichotoka mwaka 1943, na kazi ikapokewa na wengine. Palikuwa na shule ya msingi, kisha ya sekondari. Palikuwa na hospitali. Vituo vya Kwibuka na Mutaho vikaongezeka. Na huko Mweya, karibu na Gitega, Marafiki wakashirikiana na Wamethodisti Huru na wenzao wengine kufundisha wachungaji. Mkutano wa Kansas uliowatuma nao ulikuwa umefuata tabia ya ukoo, maana mwaka 1937 ulijitoa katika muungano wa Marafiki wa Marekani kwa kuona kwamba wenziwe wamelegea katika itikadi. Baada ya Vita Kuu ya Pili akaja daktari Perry Rawson, na mwanawe David akakulia kwenye vilima hivi akisema Kirundi.

David Rawson hakuwa mhubiri. Alichagua utumishi wa serikali yake, na hatima yake ni fundisho zito. Alikuwa mtazamaji wa Marekani katika mazungumzo ya Arusha juu ya amani ya Rwanda, kisha akateuliwa kuwa balozi Kigali, na ndiye aliyekuwapo mauaji ya kimbari yalipoanza Aprili 1994. Pengine hapakuwa na balozi mwingine wa nchi kubwa aliyezielewa lugha na watu wa maziwa haya kama yeye. Hata hivyo ubalozi ulifungwa, Wamarekani wakaondolewa, na tarehe 21 Aprili Baraza la Usalama likaamua askari wa Umoja wa Mataifa wapunguzwe mpaka 270. Miaka mingi baadaye, mwaka 2018, alichapisha kitabu juu ya kushindwa kwa diplomasia ile. Simlaumu mtu kwa maamuzi yaliyofanywa Washington. Nasema tu kwamba mwana wa misheni, akiisha kuwa mtumishi wa dola, husema kwa kinywa cha dola. Na mwenye kudhani kwamba malezi ya Kibimba peke yake yanatosha kumfanya mtu asimame kinyume cha mkumbo, basi hapa ana la kutafakari.

Burundi haikuingoja Rwanda ili kuonja uchungu. Mwaka 1972 serikali ya Rais Micombero ilijibu uasi wa Wahutu kwa kuwawinda Wahutu waliosoma, na walimu, wauguzi na wachungaji wa mashule ya misheni walikuwa ndio hasa watu waliosoma. Makumi ya elfu wakauawa, na wengine wengi wakavuka kwenda Tanzania. Katika utawala wa Rais Bagaza, uliodumu tangu 1976 hadi 1987, makanisa yalibanwa, ibada za siku za kazi zikapigwa marufuku, na wamisionari wengi wa kigeni wakafukuzwa. Dola ilikusudia kuyadhoofisha makanisa. Ilichofanya ni kuukamilisha urithi, kwa kuwa Marafiki wa Burundi walibaki peke yao, bila mlezi wa Kansas wa kuwaamulia, na jaribio lililofuata liliwakuta wakiwa wenyewe.

Jaribio hilo lilikuja Oktoba 1993. Rais Melchior Ndadaye aliuawa na wanajeshi tarehe 21, na kabla ya jua kuchwa vilima vya Gitega vilikuwa vinawaka. Pale Kibimba wanafunzi na walimu wa Kitutsi zaidi ya 70 walikamatwa, wakafungiwa katika jengo la kituo cha petroli kando ya barabara, wakachomwa moto. Mkuu wa sekondari ile alihukumiwa kwa kushiriki katika mauaji hayo, akanyongwa mwaka 1997. Siku zile zile huko Kwibuka, kilima kingine cha Marafiki, wanajeshi walivamia shule ya wachungaji na kuwaua wanafunzi wanane wa mwalimu David Niyonzima, naye akapona kwa kujificha ndani ya shimo la gereji. Wahutu waliua kilima hiki, jeshi la Watutsi likaua kilima kile, na vilima vyote viwili vilikuwa vya watu ambao babu yao wa imani alimwandikia mfalme kwamba hatashika silaha kwa sababu yoyote.

Mwandishi wa nasaba akifika hapa hushawishika kufunga kitabu, au kuruka ukurasa, kama wafanyavyo wengi waandikao sifa za jamaa zao. Lakini ukurasa huu ndio unaompa maana ya kurasa nyingine zote. Shule ya Kibimba haikuwakinga watoto wake, ingawa ilianzishwa na wapenda amani. Majengo hayarithishi imani, wala jina la kanisa juu ya mlango haligeuki ngao. Katika siku ile kila mtu alikuwa ni kizazi cha kwanza: alikuwa na saa chache za kuamua kama atafuata kilima chake au atakikataa, na hapakuwa na babu wa kumwamulia. Wako waliofuata. Wako pia waliowaficha majirani wa kabila jingine katika nyumba zao, huku wakijua kwamba adhabu ya tendo hilo ni kifo, na majina yao hayakuandikwa popote isipokuwa mioyoni mwa waliofichwa.

Na kilima kile kile kilichowaka ndicho kilichotoa jambo jipya. Mwaka 1994, mauaji yakiwa bado yanaendelea pande zote za nchi, watu wa makabila yote mawili waliunda Kamati ya Amani ya Kibimba, wakakutana katika wakati ambapo kukutana tu kulikuwa ni usaliti machoni pa wenzao. Wakazungumza juu ya shule na hospitali, na jinsi Mhutu na Mtutsi watakavyozitumia tena pamoja, mpaka ikawa. Mfano wao ukaenea, na mwaka 1996 ikazaliwa Gitega jumuiya ya Mi-PAREC iliyozipanda kamati za namna hiyo katika tarafa nyingine. Huko Mutaho, tangu 2003, wajane wa Kihutu kutoka vilimani na Watutsi waliokuwa wakikaa katika kambi ya waliohamishwa waliketi chumba kimoja kwa siku kadhaa katika mafundisho ya kuponya majeraha ya moyo, wakisimuliana waliyotendewa na waliyoyatenda. Niyonzima kwa upande wake aliandika pamoja na Lon Fendall kitabu cha Unlocking Horns kilichotoka mwaka 2001, akaanzisha shirika la THARS la kuwatibu walioumizwa na vita.

Wageni wanaosifu kazi hizi huzihesabu kuwa ni matunda ya Marafiki wa Ulaya na Marekani, na kwa sehemu wasema kweli. Lakini mzee wa Kirundi akitazama kikao cha kamati ataona humo kitu anachokijua. Marafiki hawapigi kura. Huzungumza mpaka nia ya mkutano ionekane, na asiyekubali husikilizwa. Abashingantahe, wazee waamuzi wa vilima vya Burundi waliovikwa hadhi hiyo na watu wao tangu enzi za wafalme, nao hawakupiga kura. Walisikiliza pande zote, wakatoa neno ambalo kilima chote kingeweza kulibeba. Ukoloni uliwadhoofisha kwa kuwapa wengine wao mishahara na wengine kuwapuuza. Yamkini kamati za Kibimba zilishika mizizi kwa sababu mbegu ya ng'ambo ilianguka katika udongo uliokwisha kulimwa na watu ambao hawakuwahi kumsikia George Fox.

Muyinga imechangia sehemu ya mwisho ya hadithi hii. Mpaka wa Kobero, ulio katika nchi hiyo, ndio mlango ambao tangu mwaka 2002 maelfu ya wakimbizi walipitia kurudi kutoka kambi za Ngara nchini Tanzania. Walirudi na watoto waliozaliwa ugenini, na wengi wa watoto hao walisali kwa Kiswahili katika makanisa ya kambini, ambako Mwanglikana, Rafiki, Mpentekoste na Mmethodisti walichanganyikana kwa sababu ya uhaba wa mabati na wachungaji. Mapatano yale ya Waprotestanti ya kugawana nchi hayakuwahi kufika kambini. Basi kijana wa namna hiyo akitia mguu Muyinga au Gitega huulizwa yeye ni wa kanisa gani, na aghalabu hujibu kwa kutaja la baba yake, huku maisha yake yote yakiwa yameundwa na waalimu ambao baba yake hakuwajua. Silsila yake ni pana kuliko nasaba yake, na asipofundishwa hivyo atapoteza utajiri asioujua kuwa anao.

Sasa Marafiki wa Burundi wana mashule, zahanati, miradi, wafadhili wa ng'ambo, magari na vyeo vyenye kugombaniwa. Wamekuwa wakubwa kwa kadiri yao, na serikali huwaalika katika mikutano ya amani pamoja na maaskofu. Jambo hilo si la kulaumiwa. Ni matokeo ya kazi njema. Lakini tarikhi ya ukoo huu, tangu mabenki ya London mpaka Kaimosi ya mwaka 1927, yafundisha kwamba mara wakaidi wapatapo cha kulinda huanza kuwafukuza wakaidi wengine. Huenda mrithi wa Chilson katika kizazi kijacho asiwe mchungaji yeyote anayeijua Kibimba, bali kijana au mwanamke atakayesimama katika mkutano wa Marafiki wenyewe na kusema neno ambalo wazee hawataki kulisikia. Na jinsi watakavyomtendea ndiyo itakayoonyesha kama wao ni dhuria ya mhubiri yule, au ni wamiliki wa majengo yake tu.